Kielekezi kilipopewa ngeli: Historia ya kanuni moja ya lugha ya C

KUNA maswali ambayo sisi wapenzi wa lugha huwaachia wahandisi ilhali yanatuhusu moja kwa moja. Mojawapo ni hili: lugha huhitaji sheria lini? Sisemi sheria gani, nasema lini. Wasemaji wa lugha yoyote huelewana kitambo kabla ya mtu kuandika kitabu cha sarufi. Ni nini basi huwalazimu baadaye kuketi, kubishana na kukata shauri kwamba hili ni sahihi na lile ni kosa?

Katika makala haya nitalijibu swali hilo kupitia lugha ambayo haina hata mtu mmoja aliyezaliwa akiisema. Ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta iitwayo C. Ndani yake nitateua kanuni moja tu, ile inayotawala hesabu ya vielekezi. Msomaji asiyejihusisha na tarakilishi asikimbie. Ikiwa unajua kwa nini tunasema 'kiti hiki' lakini 'mti huu', basi sehemu kubwa ya hoja yangu unaijua tayari.

Tuanze na kielekezi chenyewe. Chukulia kwamba kumbukumbu ya kompyuta ni msururu mrefu wa visanduku vidogo, kila kimoja kikiwa na nambari yake. Kisanduku kimoja huitwa baiti, na nambari yake huitwa anwani. Kielekezi ni thamani inayotaja anwani. Hakibebi kitu, husema tu kitu kiko wapi. Kazi yake haitofautiani sana na ya viashiria vyetu: hapa, pale, hiki, kile. Anayesema 'kile' hajakuletea kiti; amekuonyesha kwa kidole.

Sasa, kidole hicho chaweza kusogezwa. Ukisema 'kile, halafu cha tatu baada ya kile', tayari umefanya hesabu ya vielekezi. Lakini ukikiambia kielekezi kipige hatua moja mbele, hatua hiyo ina urefu gani? Kisanduku kimoja? Viwili? Kumi na sita? Mkasa wote ninaousimulia leo umetokana na swali hilo dogo.

Mnamo 1969, katika Maabara ya Bell huko Murray Hill, New Jersey, Ken Thompson alikuwa akiunda mfumo ambao baadaye ulikuja kuitwa Unix. Mashine aliyokuwa nayo, PDP-7, ilikuwa duni hata kwa viwango vya siku zile. Kumbukumbu yake ilitosha maneno 8,000 hivi, kila neno likiwa na biti 18. Thompson alihitaji lugha ndogo ya kuandikia programu. Akaichukua BCPL, lugha iliyobuniwa na Mwingereza Martin Richards katikati ya miaka ya 1960, akaipunguza na kuibana hadi ikaenea humo. Akaiita B.

B haikuwa na aina za data. Kila kitu kilikuwa neno moja la mashine, basi. Nambari ilikuwa neno. Anwani ilikuwa neno. Herufi zilipakiwa ndani ya neno. Lugha haikujua tofauti kati ya vitu hivyo. Aliyejua ni mwanaprogramu peke yake, kichwani mwake.

Sisi Wakenya tunaifahamu fika lugha ya namna hiyo. Tembea mitaa ya Nairobi utasikia: hii mtu, hii kitabu, hii mti, hii maneno. Kiashiria kimoja kinatumikia ngeli zote. Walimu wa Kiswahili hukunja uso, lakini mambo huenda, kwani wanaozungumza wanakiona kinachoonyeshwa. Muktadha umeibeba kazi ambayo ngeli ingeifanya. B nayo ilibebwa na muktadha wake. Kwenye PDP-7, kila anwani ilikuwa anwani ya neno zima. Kujumlisha moja kwenye anwani kulikufikisha kwenye neno linalofuata, na hapakuwa na njia nyingine ya kulielewa jambo hilo. Mashine yenyewe ndiyo iliyokuwa sarufi.

Kisha wakahama. Mwaka 1970 maabara ilipata mashine mpya, PDP-11. Hii ilihesabu kumbukumbu yake kwa baiti, na neno lake moja lilikuwa la baiti mbili. Hapo ndipo B ilipoanza kuchechemea. Kielekezi cha B kilisema 'neno la tano', lakini mashine ilitaka kuambiwa 'baiti ya kumi'. Ilibidi kila kielekezi kinapotumika kigeuzwe kwanza, programu ikiwa mbioni, na kazi hiyo ililiwa na muda wa mashine. Aidha, kushughulikia herufi moja moja kulikuwa na usumbufu, kwa kuwa lugha ilijua maneno tu. Na kulikuwa na nambari za desimali zilizotarajiwa kwenye mashine hiyo, ambazo hazingeenea katika neno la biti 16.

Dennis Ritchie, mwenzake Thompson, alianza kuirekebisha B mwaka 1971. Alichofanya, kwa maoni yangu, ni kuipa ngeli. Alitenganisha aina ya herufi na aina ya nambari kamili, kisha akaongeza aina ya vielekezi vya kila moja. Lugha hiyo mpya kwa muda mfupi iliitwa 'B mpya', na kufikia mwanzoni mwa 1973 sehemu zake za msingi zilikuwa zimekamilika kwa jina la C.

Humo ndimo jibu la swali letu lilipopatikana. Hatua moja ya kielekezi ni urefu wa kitu kinachoelekezwa. Kielekezi cha herufi kikijumlishiwa moja, husogea baiti moja. Kielekezi cha nambari kamili, kwenye PDP-11, kilisogea baiti mbili. Mwanaprogramu anaandika 'jumlisha moja' pale na hapa, lakini maana ya 'moja' hufuata ngeli ya nomino. Hebu linganisha: kitenzi ni kilekile, anguka, lakini kiti kimeanguka, mti umeanguka, jani limeanguka. Nomino ndiyo inayoamuru, viambishi vinatii. Wanasarufi huuita upatanisho. Ulinganisho wangu una mpaka wake, maana ngeli zetu hazipimi urefu wa kitu. Hata hivyo mantiki ni moja: habari iliyokuwa kichwani mwa msemaji imetolewa, ikawekwa ndani ya lugha, mahali ambapo kila mtu anaweza kuikagua.

Mfano mmoja ulimsumbua Ritchie na kumpa ufunguzi. Katika Unix ya awali, kila faili iliandikishwa kwenye saraka kwa maelezo ya baiti 16: mbili za nambari ya utambulisho, 14 za jina. Katika B, safu yoyote ya vitu, kama hizo herufi 14, ilihitaji kielekezi cha siri kilichohifadhiwa mahali fulani ili kuonyesha inapoanzia. Lakini maelezo ya saraka yalipangwa hivyo kwenye diski, baiti kwa baiti. Kielekezi hicho kingefichwa wapi? Ritchie aliamua kisihifadhiwe popote. Jina la safu likitajwa, papo hapo ligeuke kielekezi cha kitu chake cha kwanza. Tangu hapo, katika C, kusema 'cha tatu katika safu hii' ni sawa kabisa na kusema 'anzia mwanzo wa safu, jongea hatua tatu, kisha chukua ulichokikuta'.

Wengi hushangaa ni kwa nini C huanza kuhesabu kwa sufuri. Jibu liko hapo. Nambari inayotajwa si cheo cha kitu, ni umbali wake kutoka mwanzo. Waswahili tuna mfano mzuri katika majina ya siku. Jumamosi ni siku ya mosi, Jumatatu ni ya tatu. Lakini kutoka Jumamosi hadi Jumatatu ni siku ngapi? Mbili. Majina ya siku yetu hutaja cheo. C hutaja umbali. Na umbali wa Jumamosi kutoka Jumamosi ni sufuri.

Umbali huohuo ndio unaoeleza kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa katika hesabu hii. Unaweza kutoa kielekezi kimoja kutoka kwa kingine, ukapata idadi ya hatua zilizo kati yao, kama unavyoweza kuuliza kutoka Mtito Andei hadi Voi ni kilomita ngapi. Lakini huwezi kujumlisha vielekezi viwili. Mtito Andei ukijumlisha na Voi unapata nini? Hupati kitu. Wala si suala la mashine kushindwa. Ni kwamba sentensi yenyewe haina maana.

Kufikia hapo C ilikuwa na kanuni nzuri, lakini ilikuwa kanuni ya nyumbani. Waliozitumia walikuwa watu wachache wa maabara moja, na kompaila, yaani programu inayotafsiri C iwe lugha ya mashine, ilikuwa pole mno. Ukichanganya kielekezi na nambari ya kawaida, ilikuacha. Katika kiangazi cha 1973 kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa C. Miaka michache baadaye, Ritchie na Steve Johnson walipoihamishia Unix kwenye mashine ya aina tofauti, Interdata 8/32, ulegevu huo ulianza kudai gharama. Johnson alitengeneza programu ya kukagua maandishi ya C na kutoa maonyo pale kompaila iliponyamaza. Mwaka 1978 Brian Kernighan na Ritchie walichapisha kitabu kilichoitangaza lugha hiyo duniani. Mwaka huohuo Intel ilitoa kichakataji cha 8086, ambacho kiligawa kumbukumbu katika vipande visivyozidi kilobaiti 64 kila kimoja. Juu ya mashine ya namna hiyo, kielekezi kikivuka ukingo wa kipande chaweza kuzunguka na kurudi mwanzoni, kama saa inayotoka kumi na mbili kuingia moja.

Lugha ilikuwa imetoka kijijini. Hapo ndipo kamati ilipoitishwa.

Kwa msomaji wa Kiswahili kisa hiki hakina ugeni. Kiswahili nacho kilikuwa na lahaja zake pwani kwa karne nyingi, Kimvita, Kiamu, Kiunguja na nyinginezo, na washairi wake hawakungoja kamati ndipo watunge. Kilipochukuliwa kuwa lugha ya shule katika makoloni kadhaa, mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Wapo ambao hadi leo wanaamini kwamba Kimvita kilidhulumiwa. Ninachotaka kusisitiza hapa ni njia iliyofuatwa: penye lahaja nyingi, kamati ilichagua moja, zingine zikaachwa kando.

Kamati ya C iliundwa 1983 chini ya taasisi ya viwango ya Marekani, ikamaliza kazi Desemba 1989. Mwaka uliofuata sanifu hiyo ikawa ya kimataifa. Yenyewe ilifuata njia tofauti. Mbele yake kulikuwa na mashine za kila namna, na haikutaka kumfukuza mtu. Kwa hivyo ilitafuta kile ambacho mashine zote zingeweza kukitimiza, ikakiandika kuwa sheria, na yaliyobaki ikayaacha nje ya uzio.

Kuhusu hesabu ya vielekezi, sheria ilikuwa hivi. Kielekezi kinaweza kusogea ndani ya safu yake pekee. Kinaruhusiwa pia kufika hatua moja baada ya kitu cha mwisho, lakini kikifika hapo kisitumiwe kuchukua kitu, maana hakuna kitu. Kutoa kielekezi kutoka kwa kielekezi, au kuuliza kipi kimetangulia, kunaruhusiwa iwapo vyote viwili ni vya safu moja. Na kurudi hatua moja kabla ya mwanzo hakuruhusiwi kabisa.

Utauliza, kwa nini hatua moja mbele iruhusiwe na hatua moja nyuma ikataliwe? Sababu ni ya kiuchumi. Wanaprogramu walikuwa na mazoea ya kupita kwenye safu mpaka 'kielekezi kipite mwisho', na kuyapiga marufuku mazoea hayo kungeharibu kazi ya watu wengi. Ili kuyahalalisha, mashine yenye vipande ilihitaji kuacha baiti moja tu baada ya safu. Lakini kuruhusu hatua moja nyuma kungeitaka iache nafasi ya kitu kizima kabla ya safu, na kitu hicho chaweza kuwa cha maelfu ya baiti. Kwa hiyo mazoea yaliyogharimu kidogo yakawa sheria, yale ghali yakawa kosa. Nadhani wanasarufi wetu wangekiri kwamba sheria nyingi za lugha zina asili kama hiyo, hata zinapovikwa joho la mantiki.

Lakini kosa hilo la C ni kosa la ajabu. Atakayevunja sheria hatasimamishwa. Sanifu husema tu kwamba matokeo 'hayajafasiliwa': lugha haina la kusema kuhusu programu hiyo tena. Inaweza kwenda vizuri, inaweza kuzimika, inaweza kufanya jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Msingi mmojawapo wa kamati ulikuwa kumwamini mwanaprogramu. Kukagua kila hatua ya kielekezi kungechukua muda wa mashine, na C ilipendwa kwa wepesi wake.

Imani hiyo ilikuwa imeshaonyesha udhaifu wake kabla wino haujakauka. Jioni ya Novemba 2, 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia mtandaoni programu iliyojisambaza yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Moja ya njia zake ilipitia huduma iliyopokea maneno ya mgeni kwa kutumia chombo cha C kiitwacho gets. Chombo hicho hupokea herufi na kusogeza kielekezi, hupokea na kusogeza, wala hakiulizi nafasi imeisha lini. Nafasi iliyotengwa ilikuwa ya baiti 512. Programu ya Morris ilituma 536. Zile 24 za ziada zilitosha kumwagikia sehemu nyingine ya kumbukumbu na kuiteka mashine. Kutokana na kisa hicho Marekani ilianzisha kituo cha CERT cha kushughulikia dharura za kompyuta. Chombo cha gets kiliondolewa kwenye sanifu ya C mwaka 2011, miaka 23 baadaye.

Mwaka 2008 CERT ilitoa onyo la aina nyingine, na kwangu hili ndilo lenye funzo kubwa zaidi la kiisimu. Wanaprogramu waangalifu walikuwa wakiandika ukaguzi huu: ikiwa kielekezi, baada ya kujumlishiwa urefu fulani, kimekuwa kidogo kuliko kilivyokuwa, basi kimezunguka, simamisha kazi. Kompaila mpya zikausoma ukaguzi huo na kufikiri hivi: sheria inakataza kielekezi kutoka nje ya safu, kwa hivyo jambo hili haliwezi kutokea, kwa hivyo ukaguzi huu ni wa bure. Zikaufuta kimyakimya. Ni kama kumwachisha mlinzi kazi kwa hoja kwamba wizi umekatazwa na sheria.

Aprili 2014 ikafichuka dosari iliyopewa jina la Heartbleed, katika maktaba ya OpenSSL iliyotumika kulinda siri za tovuti nyingi duniani. Mgeni alituma ujumbe mfupi akidai ni mrefu, akaomba arudishiwe. Programu ikaamini urefu uliotajwa, kielekezi kikasonga mbele kupita mwisho wa ujumbe, na mgeni akarudishiwa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu zisizo zake, pengine zenye nywila za watu wengine. Hakuna kilichoharibika, hakuna kengele iliyolia.

Mambo haya si ya ng'ambo tu. Simu iliyo mfukoni mwako, ikiwa ni ya Android, inaendeshwa na kiini cha Linux, na sehemu kubwa ya kiini hicho imeandikwa kwa C. Lugha zilizokuja baadaye zimejifunza. Java, mwaka 1995, ilimnyima mwanaprogramu hesabu ya vielekezi kabisa. Rust, ambayo toleo lake la kwanza rasmi lilitoka 2015, hukagua mambo mengi ya namna hii kabla programu haijaanza kazi. Februari 2024 ofisi ya masuala ya usalama wa mitandao katika Ikulu ya Marekani iliwahimiza waundaji programu kuhamia lugha zinazolinda kumbukumbu. Hata hivyo C haijafa, kwa sababu zilezile zilizoipa umaarufu: ni nyepesi, ni ndogo, na mashine karibu zote zinaielewa.

Narudi kwa swali langu. Lugha huhitaji sheria lini? Jibu la historia hii ni kwamba huzihitaji inapohama, muktadha uliokuwa ukiibeba unapobaki nyuma. B haikuwa lugha mbovu kwenye PDP-7, kama ambavyo 'hii kitu' si kikwazo kwa marafiki wawili kwenye matatu. Shida huanza maneno yanapomfikia mtu asiyekiona kidole chako. Kamati ya Kiswahili iliamua kwa kuchagua, na tukapoteza utajiri wa lahaja. Kamati ya C ilikwepa kuchagua ili kila mashine ibaki na lahaja yake, na katika mwanya huo wezi wakapata mlango. Sioni kamati iliyotoka bila gharama. Ila naona kwamba sheria iliyoandikwa bila kusema nani ataisimamia ni hatari kuliko ukosefu wa sheria, kwa kuwa huwafanya watu waamini kuwa wamelindwa.

Na kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Vijana wetu vyuoni husomeshwa vielekezi kwa Kiingereza, na wengi huviogopa kuliko mada nyingine yoyote ya C. Walimu wa Kiswahili nao huamini kwamba hawana la kuchangia. Lakini mtoto aliyekua akisema kiti hiki, mti huu, jani hili, na anayetofautisha hapa, huku na humu bila kufikiri, amebeba tayari dhana ambayo Ritchie aliihitaji kuirekebisha B. Istilahi tunazo: kielekezi, anwani, safu, aina. Kilichobaki ni mwalimu wa isimu na mwalimu wa kompyuta kuketi meza moja, waandike somo moja la kurasa kumi, na kulijaribu darasani.